Mota Mpya ya Mzee Sikio

Kwa miaka sita Mzee Sikio hakuwahi kukiri kwamba kuna neno lililompita. Alichokiri, tena kwa moyo mkunjufu, ni kwamba pampu ya bwawa lao la kuogelea ina kelele. Mkewe akimwita mara tatu kutoka jikoni bila jibu, alinyoosha kidole dirishani na kusema, "Pampu hiyo!" Simu ikilia mpaka ikachoka, ni pampu. Mjukuu akiomba chumvi naye akampa pilipili, ni pampu. Na kweli pampu ilikuwa palepale, kwenye kibanda cha bati chini ya dirisha la chumba cha kulia, ikinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na haikuwa na mdomo wa kujitetea.

Jina la Sikio hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, enzi zile alipokuwa na gereji yake. Magari yaliyowashinda mafundi wengine yalifikishwa kwake, naye hakufungua hata nati moja. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akautaja ugonjwa. Ni beringi. Ni vali ya pili. Alikosea mara mbili katika miaka thelathini, na mpaka leo anaweza kukutajia magari yenyewe na rangi zake. Sasa mtu mwenye jina kama hilo ataanzaje kuwaambia watu kwamba sikio la kulia limekwisha kazi na la kushoto liko njiani? Afadhali isingiziwe pampu.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, mota ya pampu ikafa.

Ilikufa wanafunzi saba wakiwa majini. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, alikuwa akifundisha kuogelea watu wazima wanaoogopa maji, akiwemo karani mmoja wa benki aliyekuwa ameukumbatia ukingo wa bwawa tangu mwezi uliopita. Mota ilikoroma, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza. Mzee Sikio, kwenye benchi lake kando ya kibanda, aliona shingo zote zimemgeukia. Midomo ya Mwalimu ilikuwa inakwenda. Kwa mazoea, akanyoosha kidole kuelekea kibandani.

"Imezimika, mume wangu," Mwalimu alisema akimsogelea. "Sasa unamsingizia marehemu."

Wanafunzi walicheka, naye akacheka pamoja nao, lakini jasho jembamba lilikuwa limeanza kumtoka.

Mchana alikuja mpwa wake, binti wa dada yake, fundi wa mota aliyejifunza kazi palepale gerejini kwa mjomba. Alikuwa na sauti ya kigereji, ya kumfikia mtu aliye chini ya lori, na kwa sababu hiyo Mzee Sikio alimpenda kuliko wapwa wengine wote. Alifungua bolti nne, akaivuta mota, akanusa.

"Mjomba, hii haijafa leo. Ilikufa zamani, ilikuwa inangoja ruhusa yako." Akaigonga pampu kwa kiganja. "Pampu yenyewe ni nzima. Natafuta mota yenye uso kama huu, matundu ya bolti yalingane, shafti ilingane, nabadilisha na sili ya kuzuia maji, kazi imekwisha. Swali ni moja tu. Unataka ya spidi moja kama hii, au ile unayoipangia spidi mwenyewe?"

"Tofauti yake?" aliuliza Mwalimu.

"Ile ya kupanga inazunguka polepole kutwa nzima. Maji yanapita taratibu kwenye kichujio, yanatoka safi zaidi. Ukitaka kufyonza uchafu wa chini, unaipandisha, ukimaliza unaishusha. Haichemki, na umeme inaonja tu. Halafu kelele hakuna. Mjomba utakaa hapa kwenye benchi usijue kama imewashwa."

Mpwa alitegemea kushukuriwa. Mzee Sikio alihisi benchi linamponyoka.

"Tia ya spidi moja," alisema. "Mota isiyosikika utajuaje kama inaumwa?"

"Ina kioo, Mjomba. Ikiumwa inaandika."

"Na kioo kikiumwa?"

Siku tatu zilizofuata alivumbua sababu ambazo hata yeye zilimshangaza. Kioo kitaliwa na klorini. Maji yakisukumwa polepole yatazoea uvivu. Mota yenye vitufe ni ya watu wa ofisini. Mwalimu alimsikiliza mikono kiunoni, akitikisa kichwa.

"Miaka sita unalalamikia kelele," alimwambia mezani, akiwa amekaa kushotoni kwake kama kawaida. "Leo umeletewa utulivu hadi mlangoni, unaufungulia mbwa."

Alimsikia vizuri, akajitia hamnazo. Lakini maji hayakuwa na habari na ubishi wao. Alhamisi yalikuwa na ukungu, na Ijumaa asubuhi yalikuwa ya kijani kabisa. Masomo yakasimama. Karani wa benki alipiga simu kuuliza kwa huzuni, maana Jumanne, mota ilipokufa, ndiyo kwanza alikuwa ameachia ukingo kwa mkono mmoja, na aliogopa ujasiri wenyewe ungepoa. Mwalimu akavaa viatu, akakata shauri: wanakwenda kwa mpwa, wanachagua, wanarudi na mota.

Mpwa alikuwa amezipanga mbili mezani. Kushoto, ya spidi moja, nyeusi, nzito. Kulia, ya kijivu, ina kioo kidogo mgongoni na vitufe vinne. Aliiwasha ile nyeusi. Meza ikatetemeka, vikombe vikalia, na Mzee Sikio akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alitoa bisibisi yake ya zamani mfukoni, akaiegemeza, akafumba macho. Mtikisiko ulimwingia mfupani kama alivyouzoea.

"Hii ina afya," alitangaza. "Hii ndiyo mota."

"Isikilize na ya pili kwanza, Mjomba, usije ukasema nimekubana," alisema mpwa, akaizima ile nyeusi na kujigeuza kutafuta soketi. Pale pale mteja akamwita mlangoni, naye akaenda huku akisema jambo, mgongo wake ukiwa kwao.

Mzee Sikio hakulisikia jambo hilo. Aliona mpwa ameshughulika na waya, akaona kidole chake kimepita juu ya vitufe, akajumlisha mwenyewe. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota ya kijivu, mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Kimya. Aliubana mpini zaidi. Kimya kitupu. Kumbe hata mfupa umeshakufa? Miaka yote alijifariji kwamba bisibisi haitamtupa. Lakini mkewe alikuwa amesimama pale anamtazama, na fundi mwenye jina lake hawezi kufungua macho akasema hasikii kitu.

"Beringi ya nyuma," alisema polepole, kwa ile sauti yake ya gerejini. "Kuna mkwaruzo. Mdogo, lakini upo. Mtu akiifunga hii, baada ya miezi sita atalia."

Alipofungua macho, Mwalimu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama waya wa mota ya kijivu, uliokuwa umelala mezani kando ya kikombe cha chai, plagi yake ikiangalia dari.

Mpwa alirudi akipangusa mikono. "Samahani, nilisema msubiri, bado sijachomeka. Sasa naiwa..." Akaona bisibisi. Akaona uso wa mjomba. Kicheko kilikuwa kimeshamfika mpwa mashavuni, Mwalimu akamkanyaga mguu, na si kwa kumpapasa.

"Mjomba wako amegundua mkwaruzo," Mwalimu alisema bila kupepesa. "Kwenye ile nyeusi. Kwa hiyo tunachukua hii."

Mzee Sikio alikuwa ametolewa kimasomaso na kushindwa hoja kwa sentensi moja, na hakujua aanze kushukuru au kununa. Akanuna, kwa kuwa alikuwa na mazoea nako zaidi.

Jumamosi mota ikafungwa. Mpwa alimwonyesha Mwalimu namna ya kupanga saa na spidi, wakainamia kioo wawili hao kwa muda mrefu wakinong'ona. Maji yakaanza kutembea. Jioni rangi ya kijani ilikuwa imepauka, na nyumba nzima ikawa na utulivu ambao Mzee Sikio aliuona kwa macho tu: dirisha la chumba cha kulia halikutetemeka tena. Alilitazama sana. Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo mtoto wao wa kiume huja kula na mkewe na wajukuu wawili. Watu sita, meza moja, maneno yanatoka kila upande, na safari hii hakuna wa kusingiziwa. Aliogopa, na ni vyema kulisema hivyo hivyo bila kulipamba.

Jumapili mchana walikaa. Kuku wa kuoka, viazi, kelele za wajukuu. Mzee Sikio alikula kwa bidii kubwa, kichwa chini, kama mtu anayelipwa kwa kila kiazi. Mara akaona mkwewe, upande wa kulia, amemwelekea na midomo yake imesimama. Kuna jambo alilouliza. Meza nzima inangoja.

"Tamu sana, mwanangu," alisema. "Sana."

Mkwe alimtazama mumewe. Mjukuu mkubwa akaacha kutafuna. Mzee Sikio aliinua mkono kuelekea dirishani, akakumbuka, mkono ukabaki hewani bila kazi.

Na hapo dirisha likaanza kutetemeka. Kibandani mota ilikuwa inapanda spidi, inapanda, mpaka glasi zikagongana mezani.

"Mama!" mtoto wao alipaza sauti. "Si mlisema mpya haina kelele?"

"Inafyonza uchafu wa chini," Mwalimu alijibu kwa sauti ya darasani, akiendelea kugawa viazi. "Jumapili, saa saba hadi saa tisa. Ndivyo nilivyoipanga. Baba yenu hawezi kusikia kitu muda huo, msimsumbue."

Hakumtazama mumewe aliposema hivyo. Mzee Sikio ndiye aliyemtazama yeye. Alitazama kiti chake, kushotoni, mahali alipokaa kila mlo, na akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mke huyu alikaa upande wa kulia. Hakukumbuka. Kabla ya pampu kuwa na makosa, labda. Kumbe miaka yote alidhani anamficha, na mwenzake alikuwa anamsaidia kuficha. Macho yakamwasha, akaisingizia pilipili.

Kisha akasimama, akatoka nje hadi kibandani. Kwenye kioo palikuwa na ratiba aliyoipanga Mwalimu: siku zote polepole, Jumapili mchana spidi ya mwisho. Alivaa miwani, akatafuta kitufe cha kushusha, akakibonyeza mpaka mtikisiko ukaisha chini ya kiganja chake. Akarudi, akakivuta kiti chake hadi sikio la kushoto likamwelekea mkwe.

"Mwanangu, hebu rudia," alisema. "Sikukusikia. Wala si pampu. Ni masikio yangu, tena siku nyingi."

Mkwe alirudia polepole, machozi yakimlengalenga. Gari lao lilikuwa na mlio, mafundi wawili walikuwa wameshindwa, akawa anaomba Baba alisikilize.

Mzee Sikio alicheka mpaka akashika meza. "Nitaligusa kwa bisibisi," alisema. "Kusikiliza mpelekeeni mpwa wangu. Nami nitamsimamia, asije akasikiliza gari lililozimwa."

Mwalimu aliangua kicheko peke yake, na wengine hawakuelewa. Kisha akamwongezea mumewe kiazi ambacho hakukiomba, akainama kushotoni kwake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akasema naye kwa sauti ya kawaida.

"Kesho Jumatatu saa tatu, daktari wa masikio. Nilishapanga tangu juma lililopita."

Hilo lilimfika vizuri mno. Mkono wake ukaanza kunyooka kuelekea dirishani. Dirisha lilikuwa limetulia, na wajukuu wote wawili walikuwa wanautazama mkono huo. Akaushusha.

"Nimesikia," alisema.