Tisini na Moja

Asubuhi ile, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu pale Mbeya, Daktari Sosthenes Kalinga alikuwa akikata ubaoni namba zote zinazogawanyika kwa saba, ili mwishowe zibaki namba tasa tu, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Akakata sabini na saba. Akakata themanini na nne. Alipofika tisini na moja, mkono ukamganda.

Saba mara kumi na tatu.

Miezi minane nyuma alikuwa amesahihisha tasnifu ya Noorjahan, mwanafunzi wake wa uzamili. Binti yule alithibitisha kanuni inayoshika kwa kila namba tasa. Sosthenes akaijaribu kwa tisini na moja, ikagoma, akaandika kwa wino mwekundu: "Si kweli. Tazama 91." Kamati ikamwamini yeye. Nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu akapewa mwingine, na Noorjahan akarudi kwao Iringa.

Jumamosi Sosthenes akapanda basi. Njiani alijitetea moyoni: kazi zilikuwa nyingi, macho yalichoka. Walipofika Mafinga, utetezi ulikuwa umemwishia.

Huko Iringa, kwenye duka lao la vitambaa, alipokewa na mzee Gulam, baba wa Noorjahan. "Karibu, Mwalimu! Mwanafunzi wako siku hizi anapima vitambaa. Hesabu zenu zimeishia kwenye mita!" Akacheka, akatoka kuagiza chai.

Noorjahan akaweka mkasi chini. "Shikamoo, Mwalimu."

Sosthenes akasahau hata kuitikia marahaba. "Noorjahan, tisini na moja si namba tasa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile, kabla sijafunga ukurasa."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Nikuambie wewe kwamba hujui jedwali la saba?" Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Nilikaa wiki nzima nikitafuta mimi nimekosea wapi."

Heri angemtukana. Sosthenes akatoa mfukoni barua aliyoiandikia kamati, akampa. Noorjahan akasoma kwa sauti: "'Ilijitokeza dosari katika usahihishaji.' Ilijitokeza yenyewe, Mwalimu?"

Sosthenes akaichukua barua, akafuta mstari ule, akaandika juu yake: *Nilikosea mimi. Nilidhani 91 ni namba tasa. Kazi ya Noorjahan ni sahihi.* Mwandiko ulipinda kama wa mtoto.

"Nafasi itarudi?"

"Ile imekwenda. Tasnifu itasomwa upya, hilo nitalisimamia. Zaidi ya hapo sijui, na sitakudanganya."

Noorjahan akaikunja barua taratibu. "Baba nilimwambia masomo yamenishinda. Hajaniuliza tena tangu siku hiyo. Huwa anafanya mzaha tu, kama ulivyosikia."

Mlangoni mzee Gulam alikuwa akiingia na sinia, vikombe vikigongana. Akamimina, akamsogezea mgeni kikombe cha kwanza.

Sosthenes hakukipokea. Alisimama.

"Mzee Gulam," alisema, "chai yako naomba ingoje. Nina neno nimekuja nalo, na linakuhusu wewe pia."