Wavu Chini ya Nyumba ya Shangazi

Shangazi alikataa katakata kuhama. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya ukingo uliochongwa kupisha barabara, na ukuta wa kuuzuia ukingo ule ulikuwa mikononi mwa mhandisi, binti wa kaka yake, ambaye Shangazi mwenyewe alimlea tangu akiwa na kamasi puani.

"Ukuta wa udongo huuhuu mwekundu?" Shangazi alimtania kila alipomshushia chai. "Mwanangu, si ungesema tu kwamba umenichoka?"

"Udongo peke yake hausimami, Shangazi. Wavu ndio unaoushika."

Na kweli kazi ilikuwa hiyo: tabaka la udongo wa palepale linashindiliwa, juu yake unatandazwa wavu mgumu wa plastiki, kisha tabaka jingine. Mawe ya kutoka mbali hayakuhitajika. Mradi wavu ulazwe kuelekea ndani ya mlima, maana nyuzi zake nene zinakwenda upande mmoja tu.

Siku hiyo mhandisi alirudi kutoka mjini mawingu yamefunga. Alikuta matabaka ya juu yamekwisha, yamenyooka mpaka raha, na nyapara anajipongeza. Nyapara huyo ni shemeji yake, mtu mwenye mdomo usiojua likizo. Ncha ya wavu ilichungulia ukingoni. Mhandisi aliinama, akaitazama, akaona nyuzi nene zimelala sambamba na ukuta.

"Shemeji, mmeutandaza kufuata ukuta?"

"Kama mkeka! Bunda moja mpaka mwisho, hakuna kukatakata. Wavu ni wavu bwana."

Hakubishana. Alikata kipande, akampa avute. Upande mmoja shemeji alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, wavu ukagoma. Upande wa pili ulichanika kama karatasi. Shemeji aliutazama mkono wake, kisha akatazama juu, kwenye kamba ya nguo za Shangazi.

"Tunafukua," mhandisi alisema.

"Na mvua hiyo?"

"Ndiyo maana tunafukua sasa hivi."

Alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, lakini aliimalizia kwenye koleo. Walifukua siku ile na ya pili yake, wakaukata wavu, wakaulaza upya, wakashindilia. Matone yalianza kudondoka wakifunga turubai.

Jioni mhandisi alipanda kwa Shangazi na begi la nguo.

"Leo nalala chumba cha ukingoni."

"Kwani umefukuzwa kwako?"

Kabla hajajibu, shemeji alitokea mlangoni amelowa chapachapa, godoro kichwani. "Na mimi," alisema. Hakuongeza neno, na hilo lilimtisha Shangazi kuliko mvua yenyewe.

Mvua ilipiga mpaka alfajiri. Kulipopambazuka mhandisi alishuka mbio kwenye mabomba ya kutolea maji chini ya ukuta. Yakitoka mekundu, udongo unahama. Alimkuta Shangazi ameshatangulia, ndoo yake iko chini ya bomba, imejaa pomoni.

"Waambie watu wako waje wanywe chai," Shangazi alisema, akiyatumbukiza mashuka yake meupe ndooni.