Kotapini ya Gurudumu la Mbele

Babu hakuwahi kukabidhi gari lenye breki mpya bila kwanza kumpandisha Bibi. Ndiyo ilikuwa kawaida ya gereji yetu: kazi ikiisha, Bibi huvaa viatu vyake vya kutokea, hukaa kiti cha mbele, nao huteremka kilima hadi getini pa shule na kurudi. Mteja akimwona mke wa fundi yumo ndani, roho yake hutulia.

Gari la siku ile lilikuwa kuukuu kuliko Babu mwenyewe. Breki zake hazikutumia mafuta. Ukikanyaga pedali, fimbo za chuma zilizopita chini ya gari ndizo zilizovuta na kubana magurudumu. Kila kiungo kilishikwa na pini, na pini zote zilikuwa zimelika, matundu yake yamepanuka yakawa kama yai. Mimi, mjukuu wao wa kike niliyekuwa nimetoka chuo cha ufundi karibuni, nilikereza pini mpya na kutia bushi, vipete vya chuma, kwenye matundu. Babu alizifunga. Mwishoni mwa kila pini kuna kitundu. Humo hupitishwa kotapini, kijiwaya cha miguu miwili, na miguu hiyo hukunjwa kwa koleo ili pini isichomoke.

Nilikuwa nimeinama kuokota tambara nilipoiona. Kotapini ya gurudumu la mbele, upande wa Bibi, ilikuwa inaning'inia. Miguu yake ilikuwa imenyooka kama ilivyotoka dukani.

Nikakumbuka kikombe kilichomponyoka Babu asubuhi, na vifungo vya shati ambavyo Bibi humfunga siku hizi, akisema eti anamdekeza. Nikabaki nimeinama, tambara mkononi.

"Mke mwenza amenuna," Bibi akanitania dirishani. "Wivu huo. Leo mume ni wangu."

Mwenye gari akacheka, simu mkononi, akipiga picha. Ningesemaje mbele yake kwamba vidole vya Babu havikunji tena waya? Injini ikanguruma. Gari likaanza kusogea, nami nikafungua mlango wa nyuma nikajitupa ndani.

"Haya, wake wote wawili," Babu akasema.

Barabara iliinama pale pale uwanja wetu ulipoishia. Kengele ya shule ilikuwa imelia. Chini kule sare zilikuwa zinamiminika getini. Nikamshika Babu bega, nikainama hadi sikioni mwake.

"Babu, kotapini ya mbele hukuikunja. Usikanyage breki, pini itachomoka."

Hakugeuka, ila shingo ilikakamaa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshashika mteremko. Akazima injini gari likiwa kwenye gia. Likashtuka, likaburura mawe, likasimama.

Mwenye gari akaja mbio akiuliza kulikoni. Babu akamjibu kwamba fundi wake anataka kukagua kitu, kisha akashuka akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Nikajilaza mchangani. Pini ilikuwa imetoka nusu. Niliirudisha kwa kidole gumba.

Babu alipiga magoti kando yangu, akaninyooshea koleo.

"Kunja wewe," akasema taratibu. "Vidoleni nilihisi zimekunjika. Naapa nilihisi."

"Na zile nyingine?"

"Kagua zote."

Nikatambaa gurudumu hadi gurudumu, koleo likiteleza kwa jasho. Nyingine mbili zilikuwa vile vile. Juu yangu, kupitia ufa wa sakafu, niliona soli za Bibi. Nilimsihi ashuke mpaka nimalize.

"Nishuke niende wapi?" akajibu, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikitetemeka. "Maliza kazi, mke mwenza."

Nilipotoka chini ya gari, kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Babu alikuwa amekaa nyuma, mikono ameificha katikati ya magoti. Nikakaa kwenye usukani.

Tulingoja mpaka watoto wakaisha barabarani. Mwenye gari akaondoa jiwe. Nikaweka mguu juu ya pedali ya breki, gari likaanza kuteremka.