Siku Serikali Iliponunua Hisa

Asubuhi redio ilisema serikali imeingia soko la hisa na inanunua, ili bei ziache kuporomoka. Sikumaliza chai. Mimi na mke wangu tulikuwa na hisa za kiwanda cha saruji, na mashine yangu ya kuchomelea ilikuwa imeungua. Serikali hiyohiyo ilikuwa inagawa kazi ya madawati kwa mafundi, ili fedha izunguke mtaani. Bila mashine ningebaki kuwatazama wenzangu wakila.

Mke wangu sikumwambia kwamba nakwenda kuuza. Angekataa.

Ofisi ya wakala wa hisa ilijaa mpaka mlangoni. Kwenye televisheni ya bei, saruji ilikuwa inapanda. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Bwana, utatuvunjia benchi," jirani yangu akasema.

Zamu yangu ilipofika, dada wa dirishani alinisogezea kile kidubwasha cha kusoma vidole. Nikaweka gumba. Taa nyekundu. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikaweka kingine. Nyekundu. Vyote vikakataa.

"Kaka, vidole vyako havina mistari."

"Vimeliwa na chuma, dada. Kila siku nashika vyuma vya moto."

"Basi mwite huyu mwenzako wa hisa. Kidole cha mmoja wenu kinatosha."

Nikapiga simu huku nimeinamisha kichwa. Mke wangu hushona sare za shule; alifika sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kola.

"Kumbe! Ulikuja kuuza kimyakimya?"

"Mama watoto, tutagombana nyumbani. Tazama televisheni."

Bei ilikuwa imesimama. Halafu ikashuka. Mtu akasema serikali imeacha kununua kwa leo, watu wakaguna.

"Hata vidole vyako vimekukana," mke wangu akasema. Benchi zima likacheka. Mimi jasho linanitoka.

"Weka kidole, nakuomba."

"Hiyo mashine utakayonunua itakuwa ya nani?"

"Yetu."

Akakunja mikono. Bei ikashuka tena.

"Yako! Yako, mama, chukua!"

Akaweka kidole. Kijani.

Fedha tuliyopata haikutosha mashine mpya. Tulinunua iliyotumika, waya wake umezungushiwa utepe, na risiti ikaandikwa jina la mke wangu. Kesho yake nilisimama karakanani nikiizunguka, naogopa kuiwasha. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Fundi," akasema, naye hajawahi kuniita hivyo, "mimi silipi mtu wa kusimama."