Kiduara cha Pembeni

Kila siku saa kumi kasorobo alasiri mkalimani wa lugha ya alama alivua pete na kuitia kwenye pochi. Alipaka mafuta kidogo vidoleni, kisha akavifuta kwa kitambaa visije vikameremeta mbele ya taa. Alivaa blauzi nyeusi, maana mikono huonekana vizuri juu ya nguo nyeusi. Saa kumi kamili Waziri wa Afya aliingia na karatasi zake, akakaa, akaigusa tai, akaanza kusoma taarifa ya siku kuhusu homa ya kifua. Mkalimani alisimama hatua tatu kushoto kwake, na kamera ya pili ikamweka ndani ya kiduara pembeni mwa skrini, chini kabisa, mahali ambapo watu wengi hudhani ni pambo.

Jumanne moja Waziri alisema kwamba vitanda vipo vya kutosha katika hospitali zote. Mikono ya mkalimani ikasema kwamba Hospitali Kuu imejaa tangu Jumapili, na kwamba mitungi ya oksijeni iliyobaki ni kumi na tisa.

Mkalimani aliiona ikisema hivyo. Alijaribu kuirudisha kwenye mstari, kama mtu anavyojaribu kuzuia kwikwi mkutanoni, ikamshinda, akaiacha. Waziri aliwashukuru waandishi wa habari. Mkalimani akavaa pete yake akaenda nyumbani.

Nyumbani alimkuta mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye ni kiziwi tangu utotoni na ndiye aliyemfanya dada mtu ajifunze kazi hii.

"Kumi na tisa tu?" akamuuliza kwa mikono.

"Ndivyo ilivyosema."

"Nani?"

"Hii," akajibu dada, akaitazama mikono yake. Mdogo wake akatikisa kichwa kukubali, akaenda kunawa.

Baada ya siku chache ikaeleweka jinsi jambo lenyewe lilivyo. Mikono haikuwa na utabiri. Haikujua nani atakufa wala ugonjwa utaisha lini. Ilijua tu kile ambacho msemaji anakijua na amekiacha bila kukisema. Waziri asipojua, mikono na mdomo vilikwenda sambamba, na siku za namna hiyo zilikuwa nyingi kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri.

Viziwi wakaanza kuikwepa Hospitali Kuu. Majirani zao, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiwapita bila hata salamu, sasa waliwachungulia kujua wanapeleka watoto wao wapi. Kwenye karakana ya yule fundi, wateja waliuliza bei ya bawaba mbili, wakasitasita, kisha wakauliza habari za oksijeni. Aliwaandikia majibu kwa chaki juu ya mabati, na geti moja liliondoka na orodha ya zahanati tano zenye nafasi.

Nchi ikagawanyika. Waliosikiliza walisema serikali inaongoza vizuri, waliotazama walisema maji yamezidi unga. Mume na mke waliokaa kochi moja, mbele ya televisheni moja, waliinuka na habari mbili. Kinyozi mmoja alizima sauti dukani kwake, na nusu ya wateja wakahamia kwa kinyozi wa pili. Redioni mchambuzi mwenye sauti nzito alisema kiongozi hapimwi kwa viganja vya mfanyakazi wake, na kwamba mikono ile haikupigiwa kura na mtu. Mpiga simu mmoja akamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mchambuzi akasema muda umekwisha.

Wizara haikumfukuza, kwa kuwa sheria ilidai awepo mkalimani, na mwenye cheti cha daraja la kwanza alikuwa yeye peke yake. Afisa habari alimnunulia glovu nyeupe. Glovu zikasema yale yale, tena zilionekana vizuri zaidi. Kiduara kikapunguzwa mpaka kikawa kama kifungo cha koti. Viziwi wakasogeza viti karibu na televisheni.

Waziri mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Mkalimani alizoea kumkuta kwenye korido akila biskuti kwa kusimama, shati limelowa mgongoni, simu mbili zikilia mfukoni. Siku moja alimsogelea.

"Dada, hebu niambie. Leo nimesema nini?"

Mkalimani akamweleza yote, idadi na tarehe. Waziri alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa makombo kwenye tai.

"Basi na wewe unaona kazi ilivyo," akasema, akaingia kwenye gari.

Mama yao ndugu hawa wawili alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, kwa hiyo taarifa ya saa kumi aliipata jikoni, kwa redio. Alimwamini Waziri. Alipenda anavyotamka maneno bila haraka. Alhamisi asubuhi kifua kilipombana, mwanawe alimshika mkono akamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi baada ya herufi: usiende Hospitali Kuu, nitakupeleka ng'ambo ya mto nikirudi na gari.

"Oksijeni ipo, baba," mama akamjibu, akimgeuzia uso ili asome midomo. "Jana wamesema. Mtu mzima, amevaa tai, atudanganye mchana kweupe?"

Mwana alikimbia kutafuta gari. Huku nyuma kifua kikazidi, na jirani mwenye nia njema akampakia mama kwenye gari lake akampeleka Hospitali Kuu, maana ndiko redio ilikosema. Alikalishwa uani kwenye kiti cha plastiki, na wengine wengi, kuanzia saa sita. Saa kumi na dakika ishirini alikufa akiwa amekaa. Dakika hiyo hiyo Waziri alikuwa akisema oksijeni ipo, na mikono ya binti wa marehemu, ndani ya kile kifungo, ilikuwa ikilieleza taifa zima kwamba Hospitali Kuu haina hata mtungi mmoja. Siku hiyo alifanya kazi bila kosa. Alipofika nyumbani na kuambiwa, alilia mpaka sauti ikakauka, na mdogo wake alilia pia, sauti yake ile ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

Ugonjwa ukapungua, mabishano hayakupungua. Yote yakafika kwenye swali moja: je, serikali ilijua? Waliomtetea Waziri walisema si haki kumlaumu mtu kwa jambo asilolijua, na katika hilo walikuwa sahihi. Tume ya watu watatu ikaundwa kulijibu swali hilo.

Mkalimani hakutaka mtu afungwe. Alitaka ripoti iandike neno moja, ilijua, ili isije ikasemwa kwamba mama yake alikufa kwa kupotea njia. Akaomba kutoa ushahidi. Katibu wa tume, mwanamke mpole mwenye miwani, alimjibu kwa barua: iliyojua ni mikono yake na si yeye, na ushahidi wa mikono unahitaji kutafsiriwa na mkalimani wa daraja la kwanza, na kwa mujibu wa kanuni shahidi hawezi kujitafsiria. Barua ilimalizia kwa kumwomba afike Jumatatu, kikazi, kumtafsiria Waziri.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Viziwi wapatao mia mbili walikaa upande wa kulia, mdogo wake safu ya kwanza, mikono yake imesuguliwa lakini bado ina weusi wa chuma. Waziri akaigusa tai.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "serikali haikujua."

"Tulijua," ikasema mikono. "Barua ya Hospitali Kuu ilinifikia tarehe nne asubuhi. Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini ya nyingine. Alhamisi ile nilijua hakuna hata mtungi mmoja. Nilisema ipo kwa sababu niliogopa watu wangekanyagana milangoni, na kwa sababu nilikuwa nimeshasema ipo jana yake."

Watu mia mbili wakasimama. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya viti.

"Naomba utulivu," akasema Mwenyekiti.

"Hata mimi nilisikia habari za barua hiyo," ikatafsiri mikono. "Kaeni, tafadhali."

Wakakaa, kwa kuwa waliombwa kwa adabu. Waziri akaendelea kwa saa moja na nusu, na mikono ikaendelea naye, na upande wa kulia wa ukumbi watu wakawa wanafuta machozi kwa mikono ya mashati. Kikao kilipofungwa Waziri alimpa mkalimani chupa yake ya maji ambayo hakuwa ameifungua.

"Umechoka, dada," akasema, na kwa hilo hakukuwa na alichoficha.

Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa ameandika: Waziri alieleza kwamba serikali haikujua, mkalimani alitafsiri. Ikabaki fomu ya kutia saini. Fomu iliuliza swali moja tu: Je, ulitafsiri yote kwa ukamilifu na uaminifu? Mkalimani alichukua kalamu. Alijua ikishasainiwa kumbukumbu ile itakuwa imethibitishwa na yeye mwenyewe. Alijua pia kwamba hakuwahi kutafsiri kwa uaminifu kama siku ile. Mkono ukaandika Ndiyo, ukatia saini.

Ripoti ilitoka baada ya miezi miwili, kurasa mia tatu na kumi, ikasema kwamba serikali haikujua na kwamba iliongoza kadiri ilivyowezekana. Magazeti yaliinukuu wiki nzima. Waziri alihamishiwa wizara kubwa zaidi, na saa kumi alasiri mkalimani akahamia huko pamoja naye.

Mdogo wake alinunua nakala, akaileta nyumbani chini ya kwapa. Maandishi marefu humchosha. Akaiweka mezani mbele ya dada yake, akagusa shavu kwa kidole, pale Mama alipokuwa na kidoti. Kwa viziwi wote wa mtaa ule hilo ndilo lilikuwa jina la Mama.

"Yuko ukurasa gani?"

Dada alipekua kurasa zote, moja moja, ingawa alijua. Kisha akainua mikono, akatamani kwa moyo wake wote, kwa mara hii moja tu, iseme uongo.

"Hayupo," ikasema mikono.

"Tazama tena."

Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya polepole, akitumia mikono yote miwili kushika kitabu.