Fundi Makochi Auliza Dirishani

Fundi makochi alikuwa anakunja godoro lake stoo, katikati ya mabaki ya sponji, aliposikia kishindo uani. Binti yake, ambaye ndiyo kwanza miguu imeanza kukaza, alikuwa amejikwaa. Alimwona baba yake mlangoni akamnyooshea mikono huku analia. Fundi akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, akafunga mlango. Mkewe akaja mbio kumwokota mtoto.

Ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu aambiwe ana kifua kikuu. Chakula aliwekewa kizingitini, na kikombe chake hakikuguswa na mwingine. Si kwamba walimchukia. Walimwogopea mtoto, na yeye ndiye aliyeogopa kuliko wote.

Siku hiyo ilikuwa ya kuchukua dawa. Kliniki benchi lilikuwa limejaa na waliochelewa wameegemea ukuta. Kwenye kioo cha dirisha palibandikwa karatasi: MASWALI YOTE KWA DAKTARI. Daktari mwenyewe alikuwa semina. Hata mwezi uliopita alikuwa semina.

Muuguzi alisukuma pakiti za vidonge. "Anayefuata."

"Samahani, dada. Nina swali."

"Maswali ni kwa daktari, baba."

"Daktari hayupo."

"Basi uje akiwepo."

Siku zote akijibiwa hivyo huondoka. Safari hii hakubanduka.

"Nataka kujua kama naweza kumbeba mwanangu. Ni hilo tu."

Nyuma watu wakaguna. "Jamani, foleni imelala huko," mmoja akasema.

"Mwacheni aulize," akasema bibi aliyekuwa nyuma yake. "Mimi mjukuu wangu kahamishiwa kwa shangazi yake kwa sababu yangu. Sema kwa sauti, mwanangu, tusikie wote."

Muuguzi aliwatazama, kisha akalivuta faili la fundi.

"Dawa unakunywa kila siku?"

"Sijaruka hata siku moja."

"Mtoto alipimwa?"

"Alipimwa. Hana."

"Na majibu ya makohozi ya mara ya mwisho, hukupewa?"

"Niliambiwa atanipa daktari."

Muuguzi akasoma. "Ni safi. Baba, wewe huambukizi tena. Hizi dawa zikikukubali, wiki chache tu za mwanzo zinatosha kwa wengi. Mbebe mwanao. Ila dozi usiikate hata ukijiona mzima, mpaka sisi tukwambie basi."

Fundi alishika ukingo wa dirisha. "Na kikombe changu?"

"Kikombe hakina kosa. Ugonjwa huu unapita kwenye hewa, mtu akikohoa."

"Na mkojo kuwa kama soda ya chungwa?" mwanamume mmoja akauliza kutoka ukutani.

"Ni rangi ya dawa."

"Loo, mimi nilishaaga nyumbani," akasema yule mtu, na benchi zima likacheka.

"Sasa mbona hamtuambii?" bibi akauliza.

"Tuko wawili, bibi. Nikizungumza na kila mtu, mtalala hapa."

"Mimi tayari nalala stoo, dada," fundi akasema taratibu. Muuguzi akainamisha uso. Bibi akasogea dirishani. "Mimi yangu ni mawili."

Nyumbani fundi alipita mlango wa mbele. Mkewe akainuka na mtoto, tayari kumkimbiza chumbani.

"Mlete, mama watoto. Wamesema siambukizi."

"Wamesema leo?"

"Leo. Kumbe niliacha kuambukiza siku nyingi."

Mtoto alisita kwanza, akamtazama mama yake kama anaomba ruhusa. Kisha akapanda magotini kwa baba, akamshika masikio, akamkagua uso wote. Mkewe akakaa kando yao, akajifuta macho kwa kiganja.

"Na kama usingeuliza?" akasema.

Fundi alimpapasa mtoto mgongoni. Binti alikuwa amelaza kichwa kifuani pake, na usingizi unamchukua.