Kila Kifungo na Tundu Lake

Swali la tisa lilikuwa na alama nne: "Zipi ni nyingi zaidi, namba zote za kuhesabia au namba shufwa? Eleza." Mwongozo wa kusahihishia, ambao idara yetu imerithishana kwa miaka, ulitaka mstari mmoja: namba zote, kwa sababu shufwa ni sehemu yake tu.

Wanafunzi thelathini na tisa walijibu hivyo. Mmoja tu, binti wa fundi cherehani wa nyuma ya shule, aliandika: "Ni sawa. Moja inakwenda na mbili, mbili na nne, tatu na sita. Hata ukiendelea vipi, hakuna inayokosa mwenzake."

Nilimpa sifuri. Kwa kalamu nyekundu nikaandika, "Fikiri kabla ya kuandika." Siku ya kurudisha karatasi, darasa lilikuwa limechoka, nami nikalisoma jibu lake kwa sauti.

"Kwa hiyo nusu mkate ni sawa na mkate mzima," nikasema. "Nani ana njaa?"

Walicheka mpaka darasa la jirani likachungulia. Tangu hapo wakamwita Mama Sawasawa.

Kama ningekuwa nimekosea tu, nisingeandika habari hii. Jambo hilo nililisoma chuoni mwaka wa pili na mtihani wake nikapata themanini na moja. Makundi mawili yasiyo na mwisho yanalingana ikiwa kila kimoja cha huku kinaweza kupewa mwenzake mmoja wa kule, pasibaki kitu pande zote. Nilijua hivyo kalamu ilipogusa karatasi. Lakini mwongozo ulisema vingine, na zilikuwa zimebaki karatasi ishirini na sita.

Wiki mbili baadaye nilipeleka koti kwa mama yake. Alikuwa amelaza shati mezani, akiweka kifungo kimoja juu ya kila tundu. Midomo yake haikucheza.

"Huhesabu?" nikamuuliza.

"Nihesabu vya nini, mwalimu? Nikihesabu, mteja ananiita, napotea. Kila kifungo na tundu lake. Kikibaki kifungo, au tundu likikaa wazi, naona mwenyewe. Binti yangu kazi hii kaianza hata moja-mbili hazijui."

Nilijifanya nakagua bitana ya koti.

"Anaacha hesabu, unajua?" akasema. "Fomu ya mchepuo kajaza lugha. Namuuliza kulikoni, ananiambia, mama, kichwa changu hakifai. Haya, mwalimu wake ni wewe. Hakifai?"

"Kinafaa."

"Basi kamwambie yeye. Mimi nitakushonea koti tu."

Kesho yake niliwahi shuleni kuliko wote. Niliikuta karatasi yake ndani ya dawati lake, nikaigeuza sifuri kuwa nne, nikairudisha chini ya daftari lake, kisha nikasahihisha na kitabu cha alama. Nilitoka nikiamini nimemaliza.

Wakati wa mapumziko alikuja ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna mtu amechezea karatasi yangu."

"Ni mimi. Nilikosea kusahihisha."

"Ahsante, mwalimu." Hakuondoka. "Ila siku ile ulilisoma kwa sauti."

Mwalimu wa fizikia, meza ya pili, aliacha kukoroga chai. Binti aliinamisha kichwa kwa adabu na kwenda zake.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya fomu za mchepuo, hadi saa sita mchana. Nilisimama mbele ya darasa, fomu arobaini zikiwa mezani kwangu, nikasema: "Swali la tisa, mwenzenu alikuwa sahihi. Mimi nilijua, na bado nikawachekesha."

Mchekeshaji wa darasa, anayekaa dirishani, akauliza, "Kwa hiyo nusu mkate ni mkate, mwalimu?"

"Mkate una mwisho," nikajibu. Hakuna aliyecheka.

Binti alinyoosha mkono. "Na desimali zilizo kati ya sifuri na moja, mwalimu? Nimezipanga na namba za kuhesabia, zinanikatalia."

"Zitakukatalia. Tuseme umemaliza kuzipanga zote kwenye orodha. Chukua tarakimu ya kwanza ya desimali ya kwanza, uibadilishe. Ya pili ya ile ya pili, uibadilishe. Uendelee hivyo."

Aliandika kidogo, akasita. "Nitapata desimali isiyolingana na yoyote kwenye orodha."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo imebaki. Hata nipange vipi, itabaki." Alinyanyua macho. "Basi zisizo na mwisho nazo zinazidiana."

"Zinazidiana."

Alifunga daftari. "Fomu yangu iko hapo, mwalimu? Naiomba."

Nikampa, nikapeleka thelathini na tisa zilizobaki kwa karani. "Nifunge bahasha?" akauliza. Nikamwambia asubiri.

Saa sita kasoro dakika kumi binti alileta yake. "Lugha" ilikuwa imekatwa kwa rula. Juu yake pameandikwa "Hisabati". Chini palikuwa na mistari miwili mitupu: Maoni ya mwalimu. Mfukoni nilikuwa na kalamu nyekundu tu. Nilimwomba karani ya bluu, nikaandika mbele ya binti.

Karani aliivuta fomu, akasoma kwa sauti: "'Alikuwa sahihi. Nilijua, nikamcheka.' Aa, mwalimu, maoni gani haya? Si uandike kama ya wengine, mtulivu, ana bidii? Nikupe fomu nyingine?"

Binti alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hapana," nikasema. "Funga."